Jurnalie, fundi wa tashi au mfanyakazi? Tuhesabu siku kabla ya kumwita mtu shambani



Somo la mara hii halihusu mbegu wala mbolea. Linahusu mikono inayopanda ile mbegu na kutia ile mbolea. Kila msimu tunaita watu: wa kulima, wa kupalilia, wa kupuliza dawa, wa kubeba magunia, wa kulinda depo. Tunawalipa, wanaenda, tunafikiri mambo yameisha. Mara nyingi kweli yameisha. Lakini siku nyingine yanarudi, na yakirudi yanakula pesa ya msimu mzima.

Habari ya zamu wa depo

Kooperative moja ya mahindi tunayotembelea ilikuwa na depo yake, na mzee mmoja aliwekwa kuwa zamu wa usiku. Kila Jumamosi mtunza sanduku alimlipa siku saba. Hakukuwa na karatasi yoyote. Mambo yalikwenda hivyo miezi minane. Halafu komite ilibadilishwa, na komite mpya ikamwambia mzee: "Kesho usirudi, tumepata mwingine."

Mzee hakupiga kelele. Alikwenda kwa inspekteri wa kazi. Komite ilipoitwa, prezida alijibu kwa moyo mweupe kabisa: "Shiye hatuna batumishi, tuko na bajurnalie tu." Inspekteri hakubishana naye. Aliomba kaye ya sanduku. Mle ndani, kwa mkono wa kooperative yenyewe, kila Jumamosi kulikuwa na jina moja na siku saba. Akaanza kuhesabu kwa kalamu ya risasi. Alipofika siku ya 22 akasimama, akasema: "Kuanzia hapa, huyu si mtu wa siku tena."

Walipatana mbele ya inspekteri, bila kufika mahakamani. Mzee alilipwa siku za taarifa ambazo hakupewa, siku za likizo ambazo hakupumzika, na kitu kidogo juu yake. Pesa ile ilitoka wapi? Ilitoka kwenye sanduku la mbolea. Msimu ule urea ilichelewa kununuliwa, na mahindi yaliyokuwa yanaingoja yakageuka manjano tukiyatazama.

Na sisi tuna sehemu yetu katika kosa lile. Kwa misimu miwili tulikwenda pale kufundisha nafasi ya mistari na kiasi cha urea. Zamu yule alitufungulia mlango wa depo kila mara, tukamsalimia. Hata siku moja hatukuuliza: huyu papa ana karatasi gani?

Likasi inajua jambo hili tangu zamani

Mji wetu ulijengwa juu ya swali hili hili. Mwaka 1910 ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafutia migodi watu wa kazi, na wengi waliletwa kwa kontra fupi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliona ni faida zaidi kuwa na mfanyakazi anayekaa na familia yake, ikaanza kutoa kontra za miaka mitatu. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, hapa Likasi na kule Lubumbashi, kwa ajili ya mshahara. Mwaka 2003, kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, Gécamines iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10 000. Baadhi yao ndio leo wanashika jembe pamoja nasi katika kooperative.

Wazee hao hawahitaji somo letu. Wanajua kwamba mwenye kontra ana kitu cha kudai, na asiye na kontra anabaki na maneno tu. Tofauti ni kwamba zamani walikuwa upande wa mfanyakazi. Leo, kooperative ikiita watu, sisi ndio bosi. Kiti kimebadilika, lakini sheria ni ile ile.

Njia tatu za kuita mtu

Sheria tunayoisema hapa ni Code du travail, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kwa kazi zetu za shamba kuna njia tatu.

*Ya kwanza: mtu wa siku (jurnalie).* Anaitwa asubuhi, analipwa, mapatano yanaisha jioni. Karatasi si lazima. Lakini njia hii ina mpaka, na mpaka huo ni siku 22. Tutaueleza.

*Ya pili: mfanyakazi mwenye kontra.* Kontra inaweza kuwa ya muda uliowekwa, kwa mfano msimu mmoja, au isiyo na mwisho uliowekwa. Huyu anafanya kazi chini ya uongozi wetu, na sisi tuna wajibu kwake: mshahara, likizo, matibabu, CNSS.

*Ya tatu: fundi wa mapatano.* Huyu ni mtu wa kujitegemea: mwenye trakta, mwashi wa kujenga depo, fundi wa kutengeneza mashine ya kusaga, mwenye kamyo. Tunanunua kwake kazi iliyokwisha, hatununui siku zake. Hatawaliwi na Code du travail. Anatawaliwa na mapatano yenu pamoja na sheria ya mikataba, ile ya zamani ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado inafanya kazi. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa njia halali ni sheria kwa wale walioyafanya. Kwa hiyo, msichoandika mkisahau, hakuna atakayewakumbusha.

Jina si kitu, tutazame kazi yenyewe

Kosa kubwa tunaloliona ni hili: watu wanafikiri wakimpa mtu jina la "fundi" au "jurnalie", basi mambo yamekuwa hivyo. Sheria haitazami jina. Inasema kontra ya kazi ni mapatano, ya maandishi au ya mdomo, ambayo mtu anakubali kumfanyia mwingine kazi, *chini ya uongozi na mamlaka yake*, kwa malipo. Tuangalie vizuri: hata ya mdomo. Kwa hiyo kukosa karatasi hakuondoi kontra. Kunaondoa tu ushahidi wenu ninyi.

Kabla ya kumwita mtu, komite ijiulize maswali haya matano:

1. *Nani anaamua saa na namna ya kufanya kazi?* Mkimwambia aanze saa kumi na mbili, alime mstari huu, apumzike saa ile, ninyi ndio mnaongoza. Huyo ni mfanyakazi wenu. Swali hili ndilo zito kuliko yote.
2. *Vyombo ni vya nani?* Jembe, pampu, buti na trakta vikiwa vya kooperative, ni dalili ya mfanyakazi. Akija na vyake, ni dalili ya fundi.
3. *Anaweza kumtuma mwingine?* Mwenye trakta anaweza kutuma dereva yeyote, mradi shamba lilimwe. Zamu wenu hawezi kumtuma shemeji yake bila ruhusa.
4. *Ana wateja wengine?* Fundi anafanya kwenu leo na kesho kwa jirani. Asiye na kwingine pa kwenda mwaka mzima, anawategemea ninyi.
5. *Kazi ikiharibika, nani anapata hasara?* Fundi anarudia kwa gharama yake. Mfanyakazi analipwa siku yake, hasara ni ya kooperative.

Neno moja juu ya *tashi*. Wengi wanatuambia: "Tunalipa kwa tashi, si kwa siku, basi hawa ni mafundi." Hapana. Tashi ni njia ya kupima malipo, haibadilishi uhusiano. Mama anayepalilia tashi mbili kwa jembe lenu, katika mistari mliyomwonyesha, chini ya macho ya msimamizi wenu, bado yuko chini ya uongozi wenu. Siku alizokuja zinahesabiwa.

Siku 22: mpaka ambao watu wengi hawaujui

Kifungu cha 40 cha Code du travail kinasema hivi kwa maneno mepesi: mtu akiitwa siku kwa siku, akafikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, halafu mkamwita tena kabla ya miezi hiyo miwili kuisha, kuitwa huko kupya kunahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho uliowekwa. Huhitaji kutia sahihi. Kalenda yenyewe imetia sahihi kwa niaba yako.

Tuweke hesabu hii ndani ya msimu wa mahindi. Mvua imeshika, tunaanza tarehe 3 Novemba.

- Novemba: kusafisha, kuchimba mashimo, kupanda na kutia NPK. Mama mmoja anakuja siku 14. 
- Mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba: palizi ya kwanza. Anakuja siku 8. Jumla: siku 22.
- Tarehe 15 Desemba: tunataka kutia urea. Tunamwita yule yule, kwa sababu anajua kazi na ana mkono mzuri.

Tarehe 15 Desemba bado iko ndani ya miezi miwili. Asubuhi ile, kwa macho ya sheria, mama yule ameingia kooperative kama mfanyakazi wa kudumu. Si kwa ubaya wa mtu. Ni kwa sababu mahindi hayangoji, na sisi tunamwita anayejua kazi.

Je, tufanye nini? Wengine wanashauri kubadilisha watu: akifika siku 21, mfukuze, leta mwingine. Sisi hatushauri hivyo. Kwanza, mnapoteza mkono uliokwisha kujua kazi. Mtu mpya anakata miche pamoja na majani. Pili, yule mnayemfukuza ni jirani yenu, na kesho mtakutana naye kisimani. Njia safi ipo, nayo ni kontra ya msimu.

Kontra ya msimu na kontra ya kudumu

Kontra ya muda uliowekwa inaweza kufungwa kwa tarehe, au kwa kazi fulani inayojulikana mwisho wake. Kwa kawaida haiwezi kupita miaka miwili, na mtu yule yule hawezi kufanyiwa zaidi ya kontra mbili za namna hii wala kurudiwa zaidi ya mara moja. Lakini sheria imetoa nafasi kwa *kazi za msimu*. Hizo zinaweza kurudi mwaka baada ya mwaka. Nafasi hiyo kama ilifanywa kwa ajili yetu wakulima, basi tuitumie.

Sharti ni moja: iwe kwenye maandishi. Kifungu cha 44 kinasema, pasipo maandishi, kontra inahesabiwa kuwa haina mwisho uliowekwa, mpaka mwajiri athibitishe vingine. Ukisema "tulipatana mpaka mavuno" na huna karatasi, mzigo wa kuthibitisha uko kwako.

Karatasi ya msimu isikose mambo haya:

- jina la kooperative na namba yake ya CNSS;
- jina la mfanyakazi, mwaka wa kuzaliwa, makao yake, mume au mke na watoto;
- kazi atakayofanya na mahali: kupanda, palizi, urea, kuvuna, katika shamba fulani;
- tarehe ya kuanza na tarehe, au kazi, ya kumaliza: "mpaka gunia la mwisho kuingia depo";
- mshahara, siku ya kulipa, na kama kuna chakula au usafiri;
- saa za kazi, zisizopita 9 kwa siku na 45 kwa juma;
- sahihi za pande mbili. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua yeye mwenyewe.

Kontra iliyoandikwa hupelekwa na mwajiri ONEM ili ipate visa. Iandikeni kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi, lakini isomeni yote kwa Kiswahili mbele ya mtu kabla ya kutia sahihi. Karatasi isiyoeleweka ni mbegu ya ugomvi.

Kwa kazi ambayo haina msimu, kama zamu wa depo, mhesabu au dereva wa kooperative, sheria iko wazi: mtu anayewekwa kwenye kazi ya kudumu apewe kontra isiyo na mwisho uliowekwa. Msiogope neno hilo. Halina maana ya ndoa. Mnaweza kuanza na muda wa majaribio, ukiandikwa: usiozidi mwezi 1 kwa mtu wa kazi asiye na ufundi maalum, na usiozidi miezi 6 kwa wengine. Mnaweza kumwachisha, mkiwa na sababu ya kweli na mkitoa taarifa, ile tunayoiita preavi: isiyopungua siku 14 za kazi, na siku 7 za kazi zaidi kwa kila mwaka mzima aliotumika. Likizo yake ni angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima.

Turudi kwa yule zamu wetu. Miezi minane: siku 14 za taarifa, siku 8 za likizo. Kama wangemtendea sawa, angeendelea na kazi siku 14 akilipwa, huku wakimwandaa mwingine. Kumwachisha bila sababu ya kweli ndiko kunakoumiza: mahakama inaweza kuamuru arudishwe, au alipwe fidia inayoweza kufika hadi miezi 36 ya mshahara. Komite ile ilipona kwa sababu mzee alikubali kupatana.

CNSS: mzigo au ukuta?

Kwa mfanyakazi aliyeandikishwa, mchango wa CNSS ni asilimia 18 ya mshahara: asilimia 13 inatoka kwa mwajiri, asilimia 5 inakatwa kwa mfanyakazi. Tunajua mnachosema: "Hiyo ni pesa nyingi kwa kooperative ndogo." Ni kweli si kidogo. Lakini ndani ya ile 13, asilimia 1,5 ni ya ajali na magonjwa ya kazini. Mtu akikatwa mguu na mashine ya kupukuchua, ni afadhali kuwe na kasha la nchi nzima nyuma yenu, au muwe peke yenu mbele ya familia yake na sanduku la mbolea?

Jambo hili ni zito zaidi kwa anayepuliza dawa. Viwavi vya mahindi vimetufanya tupulize mara nyingi kuliko zamani. Kijana anayebeba pampu siku nzima, bila maski wala glavu, kwa sababu "ni jurnalie tu", anavuta sumu ile ile anayovuta mwenye kontra. Nguo za kujikinga ni za mwajiri kutoa, kwa siku moja au kwa mwaka. Na watoto wasiguse pampu hiyo. Umri wa kufunga kontra ya kazi ni miaka 18. Chini ya hapo kuna masharti makali, na kazi ya sumu au mizigo mizito haiingii kabisa.

Fundi wa mapatano: andika kabla ya trakta kuwasha moto

Tukishajua kwamba mtu ni fundi kweli, tusimwongoze kama mtumishi. Tumwambie *tunataka nini*, tusimwambie *afanye vipi kila saa*. Ndiyo maana matokeo lazima yapimike. "Utulimie shamba vizuri" si mapatano. Vizuri ya nani?

Tuchukue kulima kwa trakta. Pimeni shamba kwanza, pamoja na mwenye trakta, kwa kamba ya mita 50. Hekta moja ni mita 100 kwa mita 100, yaani mita za mraba 10 000. Mapatano yanaweza kuwa mafupi hivi:

> *Mapatano ya kulima*
> 
> Kati ya kooperative …, inayosimamiwa na prezida wake, na Bwana/Bibi …, mwenye trakta.
> 
> 1. Kazi: kulima hekta 4, zilizopimwa na pande mbili tarehe …, kwa kina cha sentimeta 20 mpaka 25. Kina kitapimwa kwa kijiti mahali 10.
> 2. Muda: kuanza tarehe …, kumaliza kabla ya tarehe ….
> 3. Bei: … franka kwa hekta. Mazuti, dereva na chakula cha dereva ni juu ya mwenye trakta.
> 4. Malipo: sehemu ya tatu siku ya kuanza, sehemu ya tatu hekta 2 zikiisha, iliyobaki baada ya kupima kazi yote. Kila malipo yanaandikwa na kutiwa sahihi.
> 5. Trakta ikiharibika zaidi ya siku 3, mwenye trakta analeta nyingine au anarudisha pesa ya hekta ambazo hazijalimwa.
> 6. Mahali palipolimwa juu juu patarudiwa bila malipo.
> 7. Mwenye trakta ndiye anayewalipa watu wake, na ndiye anayebeba ajali za trakta yake.
> 8. Tukishindwa kuelewana, tutakaa kwanza na mashahidi wawili walioandikwa hapa chini.
> 
> Imefanywa Likasi, tarehe …, karatasi 2, kila upande umechukua yake.

Tumeona kooperative ikimlipa mwenye trakta pesa yote siku ya kwanza kwa sababu alisema mazuti yamepanda bei. Alilima hekta moja, akaitwa na mtu mwingine mwenye shamba kubwa, akarudi mvua imekwisha kuloanisha udongo na trakta ikazama. Hakuwa mwizi. Hakuna kitu kilichomfunga tu. Malipo ya sehemu tatu ndiyo kamba.

Na namba 7 msiifute. Fundi akiwaleta vijana wake wanne wa kujenga depo, halafu akatoweka bila kuwalipa, vijana watakuja kulalamika mlangoni mwa nani? Kwenu. Kabla ya kutoa malipo ya mwisho, waulizeni vijana kama wamelipwa. Ni swali la dakika mbili.

Na wanachama wenyewe?

Swali hili linaulizwa kila mahali. Kooperative zetu ziko chini ya sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010, ambayo Kongo imeifuata tangu ilipoingia OHADA mwaka 2012. Mwanachama ana sehemu yake, anapiga kura, anagawiwa faida. Kuwa mwanachama si kuajiriwa. Lakini pia hakuzuii kuajiriwa.

Mkilima kwa kusaidiana, leo kwangu, kesho kwako, huo ni ushirika. Andikeni zamu hizo katika kanuni za ndani, ili asiwepo anayelimiwa kila mara asilime kwa wenzake, kama salongo ya zamani ambamo wengine walishika jembe na wengine walishika kalamu. Lakini mwanachama akiwekwa kila siku kwenye mashine ya kusaga, akalipwa na kupewa amri na komite, huyo ana kofia mbili. Kofia ya mwanachama imo katika kitabu cha wanachama. Kofia ya mfanyakazi nayo inahitaji kontra yake.

Ugomvi ukitokea

Ugomvi kati ya mfanyakazi na mwajiri hauendi moja kwa moja mahakamani. Unapita kwanza kwa inspekteri wa kazi, ambaye anajaribu kupatanisha. Msimwogope na msikatae kumwendea; tumeona watu wakitoka kwake wakipeana mikono. Nendeni na kaye ya sanduku, karatasi za mapatano na orodha ya siku. Ugomvi na fundi wa mapatano ni jambo lingine: huo unafuata karatasi yenu, mashahidi, na mwishowe mahakama ya kawaida. Na kiwango cha chini cha mshahara kinabadilishwa na serikali mara kwa mara: kila mwanzo wa msimu, mtu mmoja wa komite amwulize inspekteri kiwango cha sasa kabla ya kupanga bei ya tashi. Tashi iwe kipande ambacho mtu wa kawaida anaweza kumaliza kwa siku. Tashi ambayo haiishi ni mshahara uliokatwa kwa ujanja.

Tufanye nini kuanzia juma hili?

1. Fungueni ukurasa mpya katika kaye: *siku za watu*. Jina, tarehe, kazi, pesa, avansi, sahihi. Mwisho wa kila juma mtu mmoja ajumlishe.
2. Mtu akifika siku 15, komite ijadili: tutamhitaji tena? Kama ndiyo, kontra ya msimu iandikwe sasa, isingoje siku ya 22.
3. Tafuteni ndani ya kooperative nani anafanya kazi ya kudumu bila karatasi. Anzeni na zamu.
4. Msilipe fundi hata franka moja kabla ya mapatano kuandikwa na kupimwa.
5. Msilipe kazi kwa lutuku. Pombe haipeleki mtoto shuleni.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Msimu uliopita, nani alikuja kwetu zaidi ya siku 22 ndani ya miezi miwili? Tulimwita nani: jurnalie, fundi au mfanyakazi?
- Kijana wetu wa kupuliza dawa akiugua kesho, nani atalipa hospitali?
- Mapatano yetu ya mwisho na mwenye trakta yalikuwa wapi: kwenye karatasi au mdomoni?
- Mwanachama gani kati yetu ana kofia mbili?

Yule mzee wa depo, baada ya kupatana, komite ilimrudia. Yule zamu mwingine alikuwa amekwisha kuondoka, na magunia yalikuwa yanapungua. Leo mzee amerudi mlangoni, na kontra yake inakaa katika kasha la kooperative, pamoja na karatasi za shamba. Tulipopita mara ya mwisho tulimwuliza kama kitu kimebadilika. Alijibu: "Mushahara ni ule ule. Lakini sasa nikilala siku yangu ya kupumzika, nalala kweli."